Umutafute Mama ya Byamungu

Mubi, siku ya Mungu, kisha misa

Mama yangu mupenzi,

Munaamkaka aje huko juu? Na Papa, ile kifua yake imetulia ao ingali inamusumbua kila mvua ikinyesha? Na Koko, muzee wetu, anakula? Huku tulisikia kama mulikimbia mukalala porini, kisha mwengine akasema hapana, mulisharudia nyumbani na mumeanza kulima. Sijui nishike maneno ya nani. Rezo kwenu imekufa, ninapiga telefone mupaka nachoka, njo maana nimekamata biki niandike. Barua nimeipatia ule muzee wa mafuta ya mawese mwenye anapandaka kwa miguu kupitia Ntoto. Akifika umupe bugari ale. Anapenda kusema kuliko kutembea, lakini hajapoteza barua ya muntu hata moja.

Mimi mwili iko muzima. Mashini ya kushona inagonjwa kuliko mwenyewe, na joto ya huku mupaka leo hatujapatana. Roho njo haiko sawa. Nikuambie mara moja, usisome ukitafuta: kuko kijana wa kwetu Masisi amekufa huku, na mama yake hajui. Nataka weye umutafute umuambie.

Nianze vizuri. Nilishakuambia juu ya kikundi yetu ya chapelle. Sisi wote ni watu wa kazi zetu: mimi na mashini, Papa Simeoni mukubwa wetu ni seremala, wengine wanauza tomate kwa barabara. Hakuna mwenye analipwa. Kila Jumamosi tunakusanya vijana wa kartiye ya nyuma ya parking ya malori, wale wenye wanashuka kutoka mashimo ya madini na nguo nyekundu ya udongo. Tunawaosha vidonda, tunapika, wanacheza mupira, tunasoma Neno, tunaimba. Ukisikia vile wanaimba, unaweza kufikiri hawajawahi kuona mabaya.

Kuko sheria moja Papa Simeoni aliweka tangu mwanzo: hapa hatuulize muntu kabila yake, wala mulima yenye anatoka, wala nani alimukimbiza. Sheria haikutoka bure. Mbele ya mimi kufika, kijana mumoja aliulizwa maneno yake mbele ya watu, akajibu yote bila kuficha, kisha wiki haijaisha watu wakakuja kumutafuta. Alibahatika kutoroka. Tangu pale, ukifika kwetu unaambiwa tu, karibu, kaa, kula. Nilipenda hiyo sheria, Mama. Unajua vile watu wanatuuliza kwa barabara, na vile wanatuangalia tukishajibu.

Sasa alikuja Byamungu. Kijana murefu, mwembamba, shati imebaki kola tu. Kwanza alianzia Rubaya, kule akabeba mizigo, kisha akasikia huku kuko pesa akaingia pori. Hakukuwa na makelele. Siku moja akamuomba Papa Simeoni kipande ya shamba nyuma ya chapelle, apande maharagi ya kusaidia wagonjwa wenye tunatembeleaka. Wakamupa. Na weye unajua huku watu wanapanda muhogo, ndizi, karanga. Huyu mutoto akatoa mufukoni mbegu za maharagi ya kupanda juu, yale yetu ya baridi, zimefungwa ndani ya kitambaa. Akasimamisha miti mirefu, akaifunga tatu tatu kwa kichwa na kamba ya mugomba.

Watu wakacheka. Joto ya huku inapandisha majani mupaka juu ya miti, lakini maganda haiji. Kila Jumamosi vijana wanamuuliza: "Byamungu, majani imeiva?" Naye anacheka pamoja nao, anaenda kunyunyiza maji.

Mimi niliangalia ile miti, nikaona shamba lako.

Nikamuambia, "Weye, joto itakudanganya. Hii mbegu inataka mawingu."

"Dada, mama yangu akifanya hivi anavuna."

"Mama yako analima kwenye baridi."

"Umejua aje?"

"Sababu hata wangu anafunga tatu tatu."

Akaniangalia kwanza. Kisha akasema, "Basi weye njo dada yangu," na tangu siku ile hakuniita tena kwa jina. Swali ya mulima yake ilinifika kwa mudomo, nikaimeza. Sheria ni sheria. Nilifikiri siku zingali nyingi.

Siku zilikuwa kidogo, Mama. Alishuka kutoka shimo na homa, alifikiri ni mvua tu imemupiga. Akanywa dawa ya soko, akarudia kazini. Mara ile wenzake njo walimurudisha, wamemubeba na kipoyi, machela ya miti, macho ni manjano kabisa. Tukamupeleka kwa sentre ya afya. Enfirmiye, muuguzi wa pale, alimuweka serumu kwa mushipa, akafanya yote yenye anaweza kufanya, simusemi vibaya. Mimi nilifunga mashini nikakaa pembeni yake, namupangusa uso. Mara anatetemeka, mara anaimba kidogo na ile sauti yake ya chini. Asubuhi moja akaniita, "Mama." Nikamuitika. Ningefanya nini ingine? Ndipo nikainama kwa sikio yake nikavunja sheria. Nikasema, "Byamungu, mama anaitwa nani? Munakaa mulima gani?"

Akanijibu, "Mama iko shambani."

Ni hiyo tu. Saa sita haijafika, alikuwa amekufa.

Papa Simeoni alimutengenezea sanduku na mbao zake mwenyewe. Mimi nilikuwa ninashonea kwaya mashati, na ya kwake, sababu hata yeye aliimbaka mule, ilikuwa ingali bila kola na vifungo. Nilimalizia machozi inaanguka kwa kitambaa, tukamuvalisha. Kwa kaburi, kisha sala, Papa Simeoni akasema, "Muntu wa jamaa yake asogee amutupie udongo wa kwanza." Hakuna mwenye alisogea. Wale vijana wote wanaangalia chini. Ile ilinichoma kuliko kifo yenyewe. Nikasogea. Nikasema, "Mimi ni dada yake," nikatupa, lakini mukono yangu ilijua kama hii ni kazi ya muntu mwengine.

Tukakaa kilio yake siku zenye kustahili, moto katikati, kama kwetu. Papa Simeoni alilia mbele ya watu wote, na ni mwanaume mukubwa ule, si wa kulia bure. Alisema, "Watoto wangu, niliwaficha maadui wasiwapate, kumbe nimewaficha hata mama zao wasiwapate."

Sasa sikia vizuri, Mama, sababu yenye ninajua ni haya tu, yenye alisemaka mwenyewe shambani bila kuulizwa. Kwao ni Masisi, lakini mulima gani sijui. Papa yake alishakufa zamani, mama analima peke yake. Chapelle yao inapiga jante ya lori, ile chuma ya gurudumu, pa nafasi ya kengele. Wakienda kuchota maji, wanaona ngombe za konsesyo, shamba kubwa ya tajiri, upande wa pili. Na hii njo kubwa: mama yake anaimbaka kwa chapelle sauti ya wanaume, ile ya chini kabisa, na watu wanamuchekaka lakini haachi. Byamungu aliirithi ile sauti. Mama mwenye anaimba hivyo hawezi kukosa kujulikana. Uulize wamama wa sala, uulize sokoni, lakini uulize polepole, usiseme ni sababu gani. Kama walikimbia, uulize kwa kambi.

Ukimupata, usiende peke yako. Chukua wamama wawili wa chapelle. Musimuambie kwa njia. Kama iko na jembe, mungoje aweke chini. Mumukalishe. Umuambie aliumwa kidogo tu, hakukaa peke yake hata saa moja, alivaa shati mupya, na watu waliimba. Ya macho ya manjano usimuambie. Ya maharagi umuambie, umuambie vijana walimucheka na yeye akacheka. Na kama anaweka mbegu ya mutoto wake mwenye iko mbali pembeni kila musimu, kama vile weye unafanya, umusaidie kuipanda.

Akikuuliza kama kuko muntu alisimama kwa kaburi pa nafasi yake, umuambie ni mutoto wako. Anisamehe, sikuwa na ruhusa yake.

Unisalimie Papa sana. Unisalimie Koko, asiache kuvaa ule muswita nilimutumia, si wa kuweka sandukuni. Dada yangu mudogo, nimesikia alizaa, mutoto anafanana na nani? Papa mudogo mwenye kinu, umuambie hasira ya ile mbuzi yenye nilimupotezea iishe. Na mareni yangu, mama wangu wa ubatizo, aendelee kuniombea, ninasikia inafika.

Kuko neno ingine. Tulikaa tena na kikundi, tukabishana mupaka sauti zikapanda. Kuandika kwa karatasi hapana, karatasi inaweza kukamatwa. Basi tukakubaliana: kila muntu achague sikio moja yenye anaamini, aseme mule jina ya mama yake na mulima yake, na ile sikio ifunge mudomo mupaka siku ya lazima. Vijana walifanya polepole, mumoja mumoja, wengine walilia. Kufika kwangu, niliona kama tangu nifike Mubi hata mimi sijawahi kumuambia muntu. Nilimushika bibi ya Papa Simeoni mukono, nikamusemea kwa sikio jina yako, Mama, na mulima yetu, na njia ya kupitia.

Sasa kuko muntu anajua wapi atakuja kukutafuta.

Mimi mutoto wako,
Riziki