Baba Ratemo, Aliyevuka Kizingiti

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba Ratemo, tangu ulipotuachia shamba hili la Ikonge, na bado tunapochuma chai asubuhi tunangoja kukusikia ukikohoa upande wa juu ili tujue umeshafika.

Hukuvumilia bua gumu ndani ya kikapu. Karani wa kituo cha kupimia chai akikuuliza kwa nini unachelewa kwa kuchambua majani, ulimwambia chai hii itanywewa na watu, si mbuzi. Siku ya Sabato uliimba besi yako kwa sauti kubwa, mstari mmoja nyuma ya kanisa zima. Mkeo, Mama Nyakerario, akikukanyaga mguu, ulidhani anakuhimiza uongeze.

Lakini hamu yetu kwako huturudisha zaidi kwenye mwaka ule wa korona.

Mwanao Osoro alikuwa amekwama Nairobi, magari hayaruhusiwi kutoka. Mkewe, Abigael, aliyekuwa akiuza nguo Masimba, aliambiwa ajitenge katika nyumba yao, hapo hapo bomani kwako, kwa sababu mwenzake wa kibandani ameugua. Mtoto wao Bosibori akaletwa kwenu. Siku za kujitenga zikaisha, Abigael hana homa wala kikohozi, lakini hakutoka. Alinawa mikono hadi ngozi ikapasuka. Aliamini kwamba akimshika mwanawe atamuua. Baadaye akaacha hata kunawa, akawa analala tu ameelekea ukutani. Majirani walisema anaringa. Wengine walisema ni uvivu wa mtu aliyezoea kukaa dukani.

Wewe ulikuwa mzee wa chinsoni, ile heshima yetu inayomkataza baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala kuongea ovyo na mkewe. Basi ukamfunga ng'ombe karibu na dirisha la Abigael, ukaketi kwenye kigoda, ukawa unamsimulia ng'ombe. Ng'ombe aliambiwa kwamba Bosibori ameota jino na amemng'ata nyanya yake. Aliambiwa kwamba chai imechipuka na wachumaji ni wazembe. Aliambiwa pia kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtu tunayemhitaji. Hakuna aliyejibu, nawe hukuchoka. Kisha siku moja sauti ikatoka ndani: "Mwambieni mzee ng'ombe amechoka na habari." Ulirudi kwa Mama ukicheka huku umeshika kiuno.

Ndiyo maana ulishtuka asubuhi uliyokuta chakula cha jana mlangoni, kimejaa sisimizi, na dirishani kimya. Uliita. Ukaita tena, safari hii kwa jina lake, jambo ambalo hukuwahi kulifanya. Kisha ukausukuma mlango kwa bega, ukaingia.

Ulimkuta yu hai, ila hana nguvu hata za kuinua kichwa. Ndugu yako Anyona alifika akifoka kwamba umevunja mwiko, sasa nani atakutakasa. Ulimjibu bila kumtazama: "Tafuta mbuzi wa kunitakasa, Anyona. Lakini kwanza tafuta gari."

Hospitalini Nyamira walieleza kwamba ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika. Ulilishika neno hilo. Aliyethubutu kusema uvivu ulimsahihisha, awe sokoni au mlangoni pa kanisa. Kila Abigael alipokwenda kliniki ulimsindikiza, ukamngoja nje kwenye benchi, barakoa ikiwa chini ya kidevu hadi muuguzi akugombeze. Alipoanza tena kumbeba mwanawe, uligeuka upande wa migomba, ukajifanya unatafuta panga.

Baba, tuna hamu nawe. Abigael ana hamu nawe kutupita sote. Asubuhi ile hamkuwahi kuizungumzia. Heshima ilikuwa kati yenu, naye alidhani muda bado upo. Juzi alikwenda peke yake kupalilia kaburi lako, na Mama, akipita na kuni, akamsikia.

"Sikuwa nimelala, Baba," alikuwa akisema. "Nilikusikia ukiita. Nilikuwa naomba uingie."

Unakumbukwa na mkeo Nyakerario, mwanao Osoro na mkewe Abigael, binti yako Emily, ndugu yako Anyona, na mjukuu wako Bosibori, ambaye bado ana mama. Maadamu tupo, hatutakusahau.