Mwikali Aliye na Meno

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia mfuko wa simiti, huku Eldoret kwenye mjengo, saa ya chai. Chai yenyewe imepoa. Nabeba mawe lakini akili iko kwetu Kikima.

Mjukuu wako, yule tuliyempa jina lako, ameanguka kutoka kwa mpera. Mkono umevunjika. Daktari wa kliniki ya pale sokoni anasema unataka kuwekwa chuma hospitali kubwa, na upesi, la sivyo mfupa utashika vibaya abaki na mkono uliopinda. Bima yangu inalipia hiyo kazi. Lakini bima imejibu kwamba Mwikali Musyoka alikufa.

Ni wewe wanayemsema. Unakumbuka kliniki ilipoacha kadi za karatasi ikaanza kompyuta? Ulipoulizwa namba ya simu ulitoa yangu, kwa sababu yako ilikuwa imeingia maji. Mtoto pia ana namba yangu, na sote tunatumia jina la Baba. Kompyuta ikawafanya nyinyi wawili mtu mmoja. Ulipotuacha wakafunga faili, mtoto akafungiwa ndani. Hata bili waliyotuma ilijijaza ugonjwa wako: mtoto wa darasa la tatu, anatibiwa presha! Huko bima wanatuona wezi.

Nilicheka, Mwaitu, halafu nikakukumbuka. Nyumbani nikiita "Mwikali!" mliitika wote wawili, na wewe unauliza, "Unataka yule aliye na meno ama yule hana?" Mtoto alipong'oka meno ya mbele ukasema sasa mmelingana, ukamgawia uji wako. Kompyuta haikuuliza.

Jana msichana wa kliniki alinipigia: "Baba Mwikali, tumwandike jina lingine, hata Mary, tufungue faili mpya leo." Mke wangu, aliyekuwa pale kliniki na mtoto, akachukua simu. "Jina haliumi. Mkono ndio unauma." Ni kweli. Nilikaribia kukubali. Lakini cheti cha kuzaliwa kinasema Mwikali. Bili ya Mary nayo itarudishwa, na mtoto atakuwa amekosa mkono na jina.

Nimewaambia watenganishe hizo faili. Wanataka nifike mwenyewe na kitambulisho, cheti cha mtoto, na karatasi yako ya kifo. Hiyo karatasi iko kwa begi langu tangu mazishi. Sijaweza kuikunjua. Sasa nitaikunjua mbele yao.

Msimamizi amesema nikiondoka nafasi yangu ina mtu. Basi akae nayo. Naondoka leo.

Jina lako halitaguswa, nakuahidi. Mkono ukipona nitamleta hapo kaburini kwako apalilie yale maua aliyopanda, kwa mkono huohuo.

Wewe pumzika, Mwaitu. Yule aliye na meno, naenda kumtoa kwa wafu.

Mwanao,
Mutua