Punje Nyuma ya Kombaini

Juba, 21 Novemba 2009

Kwako Mama Marvin, Quinter wangu,

Natumai wewe na mwanetu mko wazima hapo kwa mama yako. Mimi ni mzima, na leo nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Tunavuna mtama wa Goretti, mama aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda. Ni mavuno yake ya kwanza kwenye ardhi ya baba yake, huku nje ya mtaa wa Gurei, pembeni mwa Juba. Nilikuwa naendesha kombaini kwa kasi, najiona bingwa, mara akaja mbio akasimama mbele yangu, mikono juu.

“Simama! Mashine yako inatupa chakula yangu!”

Nikamwambia nimevuna miaka tisa. Hakubishana. Alipiga magoti nyuma ya kombaini, akapepeta makapi kwa ungo, akanionyesha punje zilizobaki. Zilikuwa tele. Niliona aibu. Nilikumbuka siku ile ulipofunga mizigo yako ukisema, “Wewe husikii la mtu.”

Basi nikasikia. Nilipunguza mwendo, nikapunguza na upepo wa feni, maana ndio uliokuwa ukipeperusha punje pamoja na makapi. Goretti akapepeta tena. Safari hii hazikujaa hata kiganja. Alipiga vigelegele, akanivuta tucheze pale pale shambani, mimi na buti zangu nzito!

Tutamaliza wiki ijayo, kisha nitapanda basi nije hapo kwa mama. Sitakuja kujitetea. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Mumeo anayekukumbuka sana,
Linus