Duara la Daktari

3 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo, magoti tu ndiyo yanalalamika kila ninapoinuka. Picha za hospitali za kichwa cha marehemu baba yako unazoziomba bado nimezibandika kwenye dirisha la jikoni. Jua likitoka zinawaka, nami humsalimia, "Umeamkaje, mzee?" Ukizichukua nitamsalimia nani? Niambie kwanza hiyo kompyuta yenu itazifanyia nini.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Tunaifundisha kompyuta kutambua uvimbe kwenye ubongo. Hatuielezi, tunaionyesha picha nyingi, zenye uvimbe na zisizo nao, mpaka ijifunze yenyewe. Wanaita ujifunzaji wa kina. Nyingi zimetoka hospitali aliyotibiwa baba. Unakumbuka alivyozungushwa akipewa dawa za kipandauso mpaka tukachelewa. Sitaki mwingine azungushwe hivyo. Nitazirudisha.

Mwanao

8 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mimi nimechoka, macho yanauma. Kompyuta inapatia karibu kila picha, na baada ya mwezi mmoja inapelekwa kwenye zahanati. Lakini kwa picha za baba ulizonitumia imesema hana uvimbe. Nimeijaribu tena na tena, jibu ni lile lile. Bosi wangu ananicheka: "Picha moja tu, mama wee, isikuumize kichwa." Nimeshindwa kulala. Sikutaka kukuambia, nikashindwa pia.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Afya ipo, moyo ndio mzito. Barua yako ilinikalisha chini. Ina maana walimpasua bure? Mtu aliyefikia kuniita mimi paka, na paka akamwita "mke wangu", alikuwa mzima? Nacheka huku nalia. Nilizitunza zile picha kama mboni ya jicho. Hata lile duara jekundu alilochora daktari nililifuta kwa kitambaa chenye spiriti, maana sikupenda kumwona amezungushiwa kama kosa kwenye daftari la mtoto. Niambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Mama yako

7 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, begi bado begani. Kila picha yenye uvimbe kutoka hospitali ile ina duara la daktari. Kompyuta ilijifunza kutafuta duara. Uvimbe wenyewe haikuujua kabisa. Tumeizuia isiende popote, tunaanza upya na picha zisizochorwa. Bosi hanisemeshi. Baba aliumwa kweli, mama. Hakupasuliwa bure.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Nimelala usingizi mzima, mara ya mwisho sijui ilikuwa lini. Kula, upumzike, bosi atanuna mpaka achoke. Zile picha usizirudishe kwanza. Kila mkiifundisha hiyo kompyuta, muulizeni baba yako kwanza kama imeuona uvimbe wake. Dirisha sasa ni dirisha tu, nitazoea.

Ukifika kazini asubuhi, msalimie baba yako kwa niaba yangu. Na mimi unikumbuke.

Mama yako