Usinunue Laptop Mpya

Baba Noof,

Chai imo kwenye chupa, vitumbua nimevifunika. Dukani usende!

Si ulishikilia kwamba prosesa ya laptop haibadilishwi? Asubuhi fundi kaifungua mbele yangu. Nyengine zimelehemiwa, lakini yetu imechomekwa tu: inatoka, inatiwa yenye nguvu zaidi. Nikaruka kama mtoto!

Mara duka zima likanukia udi. "Nani anaifukiza hii?" fundi akauliza. Wallahi nilicheka hadi machozi. Feni ya laptop imejaa masizi ya chetezo chako cha kila Ijumaa, eti isipatwe na hasadi!

Nakimbia kuichukua, imeshakuwa tayari. ~~Chetezo nimekificha.~~ Chetezo kipo kabatini. Jioni ukitaka kufukiza, nifukize mimi.

Mama Noof