Mkalimani wa Mama

Palma, Alhamisi

Dada yangu Rachida,

Asalaam alaikum. Huku tumeamka, ndiyo habari yenyewe. Homa ya mtoto imemtoka? Na shemeji, bado anakohoa lile vumbi la saruji? Sie hatujambo, basi tu. Mie nimechoka, dada, nimechoka mpaka nikikaa naona kama bado nimesimama. Barua hii nampa Rizuane akuletee huko Mtwara kwa sababu kwenye simu siwezi. Nyumba ndogo, na mama macho ndiyo yamepungua, masikio yako palepale.

Nilikwambia kuna madaktari wamekuja na utafiti. Wanawataka wazee ambao moyo umechoka, hausukumi damu sawasawa, wale wa miguu kuvimba na kulala wameketi, kama mama. Wanawapiga picha ndani ya jicho, nyuma kabisa, wajue kama vimishipa vya kule vinaonyesha hali ya moyo. Mie kusikia hivyo nikaruka. Nikamfuata mkubwa wao, dokta Felismina, mtu wa Inhambane, kusini kabisa, Kiswahili hajui, nikamwambia Kireno changu ni cha redio na cha kusoma maboksi ya dawa, lakini kinafika. Akacheka, akanichukua niwe mkalimani. Dada, jicho la mama nimeliona kwa ndani! Jekundu, mishipa kama mizizi ya mikoko maji yakitoka. Nilimsimulia kila niliyekutana naye, mpaka muuza samaki akaniuliza nanunua au nahutubia.

Mama akakubaliwa. Akapewa vidonge vya moyo, kimoja kila asubuhi, na kila Jumanne akapimwe. Mama mdogo Saquina, tuliyekwenda naye, wakamkataa. Si kwamba mzima, miguu yake imejaa kuliko ya mama. Ila ana mtoto wa jicho, mzito, macho yote mawili, mashine haioni ndani, na wao bila picha hawana kazi naye. Akaambiwa dawa akachukue dirishani kama watu wote, na dirishani unapajua: zimekwisha, njoo wiki ijayo. Mie ndiye niliyemtafsiria. Alicheka tu, akasema kumbe siku hizi hata moyo unataka macho.

Miezi ikaenda, miguu ya mama haipungui. Dokta akashangaa, akampa vidonge vikali zaidi. Wapi. Mie kazi yangu kumpakia mama kwenye pikipiki ya kukodi, kumrudisha, kuchota maji, kupika bila chumvi, kutukanwa kwa kupika bila chumvi, na kumwinua akikosa pumzi.

Halafu mama mdogo akaanguka kwenye kinu, anatwanga. Watu wakasema macho hayo. Mie nikamwinua, jasho la baridi linamtoka, na kwenye pindo la kanga kuna kitu kimefungwa. Nikafungua. Kidonge cha njano. Dada, vya njano dirishani havipo, vinatoka kwenye sanduku la utafiti tu.

Kumbe leo anameza mama, kesho anameza mwenziwe. Nilipomuuliza mama hakuficha. Akaniuliza kama nimesahau kwamba yeye na Saquina walichezwa unyago siku moja, nyumba moja, wakalishwa sahani moja, wakaapishwa kwamba kinachoingia kinywani mwa mmoja kisimpite mwenziwe. Sasa yeye ale uzima peke yake, Saquina akae amtazame, tena kwa macho yenyewe yale? Nikamweleza kwamba dokta anaongeza dawa kwa kuwa hajui, kwamba kile kikali ndicho kinamwangusha mama mdogo, na yeye mwenyewe siku asiyomeza moyo wake unazama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hayo ni ya ndani, na nikiyatoa nje nisimwite mama tena.

Jumanne dokta akauliza kama kawaida. Ameshashika vingine, vikali kupita vile. Mama akanigeukia, akasema polepole:

“Mwambie nameza vyote.”

Hapa ndipo nilipotaka kufika, nimezunguka tu. Nilifungua mdomo nikasema kwa Kireno: hamezi vyote, anagawana na Saquina, yule mliyemkataa, na Saquina ameanguka. Nikasema kwa sauti ileile ya kutafsiri, uso mkavu, nikidhani mama hatajua. Lakini jina la mtu halitafsiriki. Mama alisikia Saquina, tena mara mbili, kwenye maneno ambayo hakuyatoa yeye. Akaivuta kanga hadi usoni.

Mambo yametengemaa, nisikufiche. Dokta hakumfukuza mtu. Mama mdogo aliitwa akapimwa kando ya utafiti, ana vidonge vyake vya kumfaa, na wamemwombea nafasi hospitali ya Pemba, hii ya huku kwetu, si ile ya kisiwani, akatolewe mtoto wa jicho, lini hawajui. Picha za mama za miezi ile wameziweka pembeni, hazisemi kweli. Mama kapunguziwa dawa, mguu sasa unaingia kwenye kandambili. Mama mdogo ananitania kwamba mie si mtu, ni redio isiyo na swichi.

Mama ndiye hasemi na mie. Anakula ninachopika, anapanda pikipiki ninayoikodi, neno hatoi. Juzi Jumanne alidai mkalimani mwingine. Wakampa Abílio anayefagia wodi, Mmakua wa Nampula, Kiswahili chake cha sokoni. Mie nikakaa nje mlangoni. Nikamsikia mama anasema nameza vyote, na safari hii kweli. Akaongeza kwamba akilala chali kifua kinambana. Abílio akamwambia dokta mama anameza vyote na analala vizuri.

Nikaingia. Nikasema kwa Kireno, akilala chali kifua kinambana. Nikangoja nifukuzwe. Mama hakunitazama. Aliuambia ukuta:

“Upande wa kushoto.”

Nikatafsiri. Ndilo neno la kwanza tangu siku ile, na mpaka leo halijapata la pili.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto. Mama mdogo Saquina anakusalimu sana, anasema akipata macho atakuja kukukagua kama umenenepa. Salamu za mama sina. Hajanipa, na kumtungia sitaki. Mpigie mwenyewe, dada, upesi.

Mdogo wako,
Chamima