Chiriku Hana Kiburi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kanipitia saluni, mbele ya wateja. Eti Chiriku wangu ana kiburi. Akiitwa darasani hageuki, akiambiwa fungua ukurasa anakodoa macho tu. Akamalizia na lile lile lake: sikio la kufa halisikii dawa. Mtoto wa kaka yake huyo! Nimemtazama tu, maana nilikuwa na pasi ya nywele mkononi, ya moto, na mimi najijua.

Baba Chiriku anasema dada yake ndiye mwalimu wa darasa lake, anajua watoto. Anajua kuwachapa, labda.

Alhamisi, 6 Machi

Makubwa! Draya inavuma, redio inaimba, wateja wanasengenya. Namwambia Chiriku alete taulo, halafu afunge mlango wa nyuma. "Eh?" Narudia. "Eh?" Mara ya tatu kasimama tu, machozi yanamlenga. Nikapandwa na hasira.

Umeme ukakatika. Kimya. Nikasema yale yale, kwa sauti ya chini, wala sikumtazama. Taulo hili hapa, mlango umefungwa.

Kiburi gani hicho kinachokatika na umeme?

Jumanne, 11 Machi

Hospitali. Mpimaji wa masikio kamwingiza kwenye chumba kisichopitisha sauti — masikio mazima! Wifi angechinja kuku. Nikamsimulia mpimaji habari ya umeme. Akamvalisha hedifoni tena, safari hii maneno yakisomwa katikati ya kelele za watu. Chiriku akapotea kabisa.

Masikio yanapokea, kasema, ila ubongo unashindwa kuchambua maneno kwenye kelele. Si uvivu, si utovu wa adabu. Akae mbele, mbali na dirisha. Aitwe kwanza, atazamwe usoni, aambiwe jambo moja moja. Na mazoezi ataanzishiwa.

Nimelia njia nzima, kwa hasira. Viboko vyote vile!

Jumatano, 12 Machi

Wifi kaiangalia barua ya hospitali kama karatasi ya kufungia vitunguu. Eti siku hizi kila mtoto mzito anatafutiwa ugonjwa. Kumsogeza mbele hataki. Imla ya Ijumaa ataisoma kama siku zote, akitembea nyuma ya madawati. Atakayeanguka anarudia darasa.

Baba Chiriku kanywa chai yake. Hata kikombe kinaongea kumzidi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Imla kapata sifuri. Sifuri! Wifi kanionyesha mwenyewe, anatabasamu. Tukaingia kwa mkuu, sisi na mtoto. Ofisi kimya. Wifi kasimama nyuma ya Chiriku, akanong'ona: "Niletee ile chaki." Mtoto akaleta.

"Umeona, mkuu? Mnong'ono anausikia. Kusoma ndiko hataki."

Mkuu akashika kalamu, aandike kwamba arudie darasa. Nikainuka, nikafungua dirisha. Ni mapumziko — uwanja mzima ukaingia ndani, mayowe, mpira, filimbi.

"Haya wifi, mwambie tena sasa. Hapo hapo nyuma yake."

Akamgeukia mkuu.

"Sema basi! Si ndivyo unavyosoma imla?"

Mkuu kaniomba nitoke, nikapoe. Wao watamjaribu tena, kwa utulivu, kasema. Chiriku kabaki nao, ananitazama.

Mlango umefungwa. Na sasa — nimelisikia — wanafunga na dirisha.